Miti ya Ndoto: Bonsai na Mti Halisi Uliozizaa



Mpenzi wa bonsai akiulizwa ni mti gani angetamani kuulea kuliko yote, hapati tabu kujibu. Mmoja atautaja msonobari mkongwe wenye gome lililopasukapasuka. Mwingine atataja msitu mzima uliooteshwa kwenye sinia. Wa tatu, hasa akiwa mtu wa pwani, atataja mbuyu wenye kitambi unaotosha juu ya meza ya kahawa. Kila mmoja ana mti wake wa ndoto, na wengi wao wanajua kwamba huenda wasiumiliki hadi wafe.

Mhadhara huu unaipa ndoto hiyo uzito inaostahili. Hoja yake ni moja: bonsai zinazotamaniwa kuliko zote duniani hazikuzuka tu katika mawazo ya fundi. Nyuma ya kila moja kuna mti au msitu wa kweli ambao mtu aliuona ukiwa umesimama mahali pake, ukipigwa na upepo wa hapo na kuchomwa na jua la hapo. Aliyeutazama sawasawa ndiye aliyeweza kuufupisha. Ikiwa ndivyo, mpenzi wa bonsai wa Dodoma au Malindi hana sababu ya kuanza na msonobari wa Kijapani. Miti yake ya ndoto anapishana nayo barabarani kila siku.

Kabla ya kuitazama miti yenyewe, kuna makosa mawili ya kuondoa. La kwanza ni kudhani kwamba bonsai ni aina ya mti mfupi kwa asili. Mbegu iliyookotwa chini ya bonsai ikipandwa shambani itatoa mti mkubwa kama ndugu zake wote. Udogo ni matokeo ya kazi: mizizi hupunguzwa kila baada ya miaka michache, matawi hupogolewa na kuelekezwa kwa waya wa shaba au alumini, na majani huja madogo zaidi kadiri vijitawi vinavyozidi kugawanyika. Kosa la pili ni kuamini kwamba mti huo unateswa kwa njaa. Bonsai nzuri huwekewa mbolea, hunyweshwa kila siku wakati wa joto, na hukaa nje juani. Mti uliodhoofika hauhimili kukatwa, na mlezi anayeujua mti wake husubiri upate nguvu kabla ya kushika mkasi.

Sanaa hii ilitoka Uchina. Katika kaburi la mwanamfalme Zhanghuai wa enzi ya Tang, lililojengwa mwaka 706, ukuta mmoja umechorwa watumishi waliobeba sinia zenye mawe na mimea midogo. Japani iliipokea baadaye, na gombo la picha la mwaka 1309 linaonyesha miti mifupi ikiwa imepandwa kwenye vyombo nyumbani kwa tajiri. Tangu hapo ni karne kwa karne za watu kukata, kusubiri na kukata tena.

Msonobari uliotoka Hiroshima

Katika Bustani ya Taifa ya Miti ya Marekani, jijini Washington, upo msonobari mweupe wa Kijapani ambao ulezi wake ulianza mwaka 1625. Mwaka huo Wareno walikuwa bado wameishikilia Ngome ya Yesu kule Mombasa. Mti huo ulilelewa na familia ya Yamaki, wakulima wa bonsai wa Hiroshima, ukipokezwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lililipuka juu ya mji huo. Kitalu cha Yamaki kilikuwa umbali wa kilomita tatu hivi. Vioo vya madirisha vyote vilivunjika na vipande vikawakata waliokuwa ndani, ila hakuna aliyepoteza maisha. Bonsai zilikuwa zimepangwa nyuma ya ukuta mrefu, na ukuta huo ndio uliozikinga.

Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200 ya uhuru wake, Wajapani waliwazawadia Wamarekani bonsai 53. Masaru Yamaki aliutoa msonobari wa ukoo wake uwe miongoni mwa zawadi hizo. Kwa miaka 25 watunzaji wa Washington waliuhudumia kama mti wowote mkongwe na mzuri. Mwaka 2001 wajukuu wawili wa Yamaki walifika kuutazama mti waliosimuliwa habari zake tangu utotoni, na hapo ndipo watunzaji walipofahamu kwamba msonobari waliokuwa wakiunywesha ulikuwa umeokoka Hiroshima.

Mpenzi wa bonsai anaposimama mbele yake, kinachomvuta kwanza ni shina: fupi, nene, na gome lake limegeuka magamba mazito yanayopandana. Sindano zake hutoka tano tano na ni fupi. Umbo ni la msonobari wa mlimani, ambao kwa asili huota kwenye miinuko yenye mawe. Hakuna tawi linalojionyesha. Halafu mtazamaji huanza kupiga hesabu. Kwa karibu miaka 400, kila siku ya kiangazi, palikuwa na mtu aliyejaza maji na kuupelekea. Ingetosha wiki moja ya uzembe katika karne zote hizo kwa mti huu kuwa kuni.

Iliyotundikwa kwenye majabali

Mti wa pili katika ndoto za wengi ni shimpaku, mreteni wa Kijapani. Uzuri wake uko katika mauti yaliyokaa pamoja na uhai. Sehemu kubwa ya shina ni mbao tupu, nyeupe kama mfupa, iliyojisokota na kuchanika kufuata nyuzi zake. Ubavuni mwake hupanda ukanda mwembamba wa gome la rangi ya kahawia iliyoiva, wakati mwingine upana wa vidole viwili tu. Ukanda huo ndio unaopandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye kilele cha kijani. Ukiufuata kwa kidole utaona ukizunguka shina, ukipotea nyuma ya mbao iliyokufa, kisha ukatokea tena juu.

Umbo hilo halikubuniwa na mtu. Kwenye majabali ya mlima Ishizuchi katika kisiwa cha Shikoku, na baadaye kwenye magenge ya Itoigawa, theluji na mawe yanayoporomoka yalikuwa yakivunja matawi na kuchubua magome mwaka baada ya mwaka. Upande uliojeruhiwa ulikufa ukakauka, na upande uliobaki ukajikaza kuishi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 wakusanyaji walipanda huko, wakajining'iniza kwa kamba na kuing'oa miti hiyo kwenye nyufa za mawe. Baadhi yao walianguka wakafa. Kufikia katikati ya karne ya 20 majabali yalikuwa karibu matupu, na shimpaku nyingi za leo zimekuzwa vitaluni kutokana na vipandikizi.

Fundi wa sasa hujifunza kuyatenda kwa mkono yale yaliyotendwa na theluji. Huvua gome kwenye tawi lisilohitajika, huishika mbao kwa koleo na kuichana ifuate nyuzi zake, kisha huipaka mchanganyiko wa chokaa na salfa unaoifanya iwe nyeupe na kuikinga isioze. Tawi lililokufa kwa mtindo huo Wajapani huliita jin, na shina lililochubuliwa huitwa shari. Kazi hii haitaki papara. Akikata ukanda hai kwa bahati mbaya, kila tawi lililokuwa likitegemea ukanda huo litakauka. Masahiko Kimura, fundi aliyezaliwa mwaka 1940 katika mji wa Omiya, ndiye aliyeishangaza dunia ya bonsai kwa kuingiza mashine za umeme katika uchongaji huu na kutoa maumbo ambayo hakuna aliyekuwa amethubutu kuyajaribu. Hata hivyo kanuni aliyoitumikia ni ileile ya jabali: mbao iliyokufa lazima ionekane imeuawa na kitu kinachoaminika.

Msitu wa wajukuu 11

Wengine hawaoti mti mmoja. Wanaota msitu, na msitu unaotajwa mara nyingi zaidi unaitwa Goshin.

Aliyeutengeneza ni John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani aliyezaliwa Colorado mwaka 1914 na kulelewa kwa muda nchini Japani na babu yake, aliyempenyezea mapenzi ya bonsai. Mwaka 1948 alianza kushughulikia mireteni miwili ya kwanza. Akilini alikuwa na kumbukumbu ya msitu wa miti mirefu iliyonyooka karibu na hekalu moja huko Japani. Kufikia mwaka 1964 alikuwa ameipanga miti kadhaa kama msitu, na baadaye ikawa saba, mmoja kwa kila mjukuu. Wajukuu walipoongezeka, miti nayo iliongezeka hadi ikatimia 11. Maji yalikuwa hayatoki vizuri kwenye chombo na baadhi ya miti ikafa, naye akaipanda mingine mahali pake. Jina alilouita linabeba maana ya mlinzi wa roho. Mwaka 1984 aliukabidhi kwa wakfu wa bonsai wa Marekani, na tangu hapo umekaa katika bustani ileile ya Washington ulipo msonobari wa Yamaki.

Ukiutazama kwa karibu utaona siri yake haiko katika wingi wa miti. Mashina hayalingani unene wala urefu, na hakuna matatu yaliyosimama kwenye mstari mmoja. Mti mnene na mrefu kuliko yote umewekwa mbele kidogo ya mingine, na miembamba imesogezwa kando na nyuma, hivyo jicho linadhani msitu unaendelea mbali kuliko kina cha sinia. Matawi ya chini ya upande wa ndani hayapo, kwa sababu katika msitu wa kweli kivuli huyaua. Naka alikuwa akiwahimiza wanafunzi wake waifanye bonsai ifanane na mti, wasiufanye mti ufanane na bonsai. Goshin ni somo hilo likiwa limesimama kwa mizizi yake.

Bei, wizi na ulezi

Mtu anaweza kusema ndoto hizi ni za wenye fedha. Ni kweli kwamba bei zipo. Mwaka 2011, katika mkutano wa bonsai uliofanyika Takamatsu nchini Japani, msonobari mmoja mweupe uliripotiwa kuuzwa kwa yen milioni 100, zaidi ya dola milioni moja za wakati huo. Bei za namna hiyo huvuta wezi. Mnamo Januari 2019 bonsai saba ziliibwa katika bustani moja huko Kawaguchi, karibu na Tokyo. Mmojawapo ulikuwa shimpaku wa miaka 400.

Ombi la wenye miti hiyo linaeleza ulezi wa bonsai kuliko tangazo lolote la bei. Waliwaomba wezi waunyweshe maji, kwa kuwa mti huo hauwezi kukaa wiki nzima bila maji ukabaki hai, wakaeleza namna ya kuutunza. Uchungu wao wa kwanza ulikuwa kwa ajili ya mti, mali ikafuata nyuma.

Mfano mwingine wa moyo huo ni kijiji cha bonsai cha Omiya. Tetemeko kubwa la mwaka 1923 liliharibu Tokyo, na wakulima wa bonsai wakahamia huko wakitafuta udongo mzuri, maji safi na hewa. Kijiji kilianzishwa mwaka 1925. Kanuni zao za mwanzo zilikuwa za kipekee: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, malango yawe wazi kwa kila mgeni, nyumba zisiwe za ghorofa ili kivuli kisiangukie miti ya jirani, na uzio uwe wa mimea hai. Tangu mwaka 2010 Omiya ina makumbusho ya umma ya bonsai, na mtu asiye na hata shilingi ya kununulia mti anaweza kusimama mbele ya miti bora ya Japani akaitazama atakavyo.

Miti ya ndoto, basi, ina wapitaji wengi kuliko wamiliki. Aliye nayo huishika kwa muda, kisha humpa mwingine. Na asiye nayo bado ana njia moja iliyo wazi, ile waliyopita Naka na wapanda majabali: kutafuta mti halisi, kuujua, na kuanza kazi.

Somo kutoka kusini mwa Afrika

Walezi wa Afrika Kusini waliliona hilo mapema. Walianza kwa kufuata vitabu vya Japani, vyenye mtindo wa wima, wa mshazari, wa kuporomoka na kadhalika, ila miti waliyokuwa wakiiona madirishani mwao haikukaa ndani ya mitindo hiyo. Charles Ceronio wa Pretoria aliorodhesha mitindo ya Kiafrika na kuipa majina. Upo mtindo wa mbuyu, mtindo wa mti wa nyika, mtindo wa mkuyu mwitu, na mtindo wa mwavuli unaofuata migunga yenye kilele bapa. Upo pia mtindo alioupa jina la mchoraji J.H. Pierneef, aliyeishi kati ya 1886 na 1957 na kuchora mandhari ya nyika zenye miti ambayo matawi yake hupanda kwa mshazari na kubeba majani juu tu.

Kazi ya Ceronio ilikuwa na faida ya vitendo. Mlezi aliyelazimisha mgunga ukae kama msonobari alikuwa akipigana nao kila msimu, kwa maana mgunga unasukuma nguvu zake kwenye vilele huku ukiyaacha matawi ya chini yafe. Mtindo wa mwavuli uliipa tabia hiyo nafasi. Mti ukaacha kushindana na mlezi, na majeraha makubwa ya kila mwaka yakapungua.

Mbuyu juu ya meza

Sasa tugeukie mti ambao huenda ndio unaotamaniwa zaidi na watu wa ukanda huu.

Mbuyu unajulikana na kila mtu kuanzia Barabara ya Mama Ngina kule Mombasa hadi Ruaha Mbuyuni kwenye njia ya Iringa, na kule Tarangire ambako tembo huuchimba kwa pembe zao kutafuta unyevu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walipima kwa kaboni mbuyu mmoja wa Zimbabwe uitwao Panke wakakuta umefikisha miaka 2,450 hivi kabla ya kufa. Watafiti hao pia walionyesha kwamba mibuyu mingi mikubwa si shina moja. Ni mashina kadhaa yaliyoota kwa mduara na kuungana, yakiacha uwazi katikati. Kwa mlezi wa bonsai hiyo ni zaidi ya elimu ya mimea. Ni ramani ya umbo.

Kazi inaanza na mbegu, na mbegu zapatikana sokoni. Zinatakiwa zile za ndani ya buyu kavu, zenye unga mweupe, wala si mabuyu ya rangi yaliyopikwa kwa sukari ambayo watoto hununua nje ya shule. Ganda lake ni gumu sana. Mbegu humwagiwa maji ya moto na kuachwa humo hadi asubuhi, au hukwaruzwa kwa tupa upande mmoja mpaka ndani paonekane. Mche ukichomoza, usishangae majani ya kwanza kuwa jani moja moja. Yale yaliyogawanyika mithili ya vidole huja mti unapokomaa zaidi.

Chini ya udongo, mche wa mbuyu hutengeneza mzizi mnene uliojaa maji. Huo ndio mtaji. Kila unapohamishiwa chungu kingine, mlezi huunyanyua kidogo, sehemu ya juu ya mzizi ikae hewani, ipate gome na iwe sehemu ya shina. Baada ya kurudia hivyo mara kadhaa, mti mfupi unapata kitako kipana ambacho shina peke yake lingechukua muda mrefu zaidi kukitoa. Mzizi mkuu hukatwa, na mizizi ya pembeni huenezwa pande zote.

Waya unahitaji hadhari hapa. Gome la mbuyu ni laini, na waya uliosahauliwa huzama ndani yake haraka na kuacha makovu ya mzunguko. Wengi hupendelea mkasi: kata tawi juu ya tumba linaloelekea unakotaka, acha likue, kata tena. Matawi yatakuwa mafupi na manene, yanayopungua ghafla kuelekea nchani, na hivyo hasa ndivyo mbuyu wa kweli ulivyo. Kupogoa kwa nguvu hufanywa kiangazi kinapoelekea mwisho, kabla majani mapya hayajatoka.

Lile fundisho la shimpaku, la kuhifadhi mbao iliyokufa, halifai kabisa hapa. Mbao ya mbuyu ina nyuzi laini na maji mengi, ikifa huoza na kuporomoka. Mbuyu una kipawa kingine: gome lake hujirudisha. Vizazi vya watu vimebandua magome yake kutengeneza kamba, na mti ukafunika jeraha. Mlezi mvumilivu huitumia tabia hiyo kutengeneza vishimo, mikunjo na makovu yaliyovimba kando, yale yale yanayoonekana kwenye mibuyu ya Tarangire.

Mibuyu mingi ya nyumbani huuawa na huruma. Mti unapopukutisha majani, mwenye nyumba hudhani una kiu na kuumwagia maji kila asubuhi. Wakati huo umelala, na maji yanayotuama huozesha mzizi. Mlezi hulibonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, auache mpaka vitumba vianze kufunguka.

Mgunga, mtarakwa na mugumo

Ndoto za Afrika Mashariki haziishii kwenye mbuyu. Mgunga wenye kilele bapa, ambao mtalii yeyote wa Serengeti huondoka na picha yake, una vijani vidogo mno tangu mwanzo, kwa hiyo uwiano wa jani na shina haumsumbui mlezi. Kinachomsumbua ni mzizi mkuu, unaokimbilia chini mapema sana. Usipokatwa mche ukiwa mchanga, kuuhamishia kwenye chombo cha kina kifupi baadaye ni kuubahatisha.

Kwenye nyanda za juu za Kenya, Usambara na Meru kuna mtarakwa, na hapa kuna jambo la kutia moyo. Mtarakwa ni mreteni, ndugu wa karibu wa shimpaku, na ndio mreteni pekee unaoota kwa asili kusini mwa ikweta. Gome lake huchunika kwa vipande virefu vyembamba. Mbao yake ya ndani hudumu sana, ndiyo maana wafugaji na wakulima wameitumia kwa nguzo za uzio miaka na miaka. Mbao isiyooza upesi ndiyo hitaji la kwanza la jin na shari. Anayetamani shimpaku huku akiishi Limuru au Lushoto anao mti wa ukoo huohuo uliozoea hali ya hewa yake, bila kuagiza chochote ng'ambo wala kuhangaika kuutafutia baridi ya Japani.

Kuna pia mugumo, mti mtukufu kwa Wakikuyu, ambao katika Uganda Waganda huuita mutuba na kutengeneza nguo kwa gome lake. Ni wa jamii ya mikuyu, na jamii hiyo ndiyo mwalimu mpole kuliko wote kwa anayeanza. Tawi likichomekwa hutoa mizizi. Jeraha hufunikwa upesi. Mizizi inayoning'inia kutoka matawini ikifika udongoni hunenepa na kuwa nguzo. Miche kadhaa ikifungwa pamoja kwa kamba hugandana, na baada ya misimu michache huwa shina moja pana. Mlezi asiyekuwa na subira ya mtarakwa aanze na mugumo, makosa yake yatasamehewa.

Onyo moja ni lazima litolewe. Historia ya majabali ya Ishizuchi isirudiwe hapa. Kung'oa miti porini bila kibali cha mamlaka ya misitu ni kosa la sheria Kenya na Tanzania pia, na mti mkongwe uliong'olewa na mtu asiye na ujuzi kwa kawaida hufa. Mbegu, vipandikizi na miche ya vitaluni vinatosha. Visiki vilivyoachwa viwanja vya ujenzi vinaposafishwa, mwenye kiwanja akiridhia, ni hazina ambayo tingatinga ingeizika.

Chungu kinachosubiriwa

Limebaki jambo moja ambalo wapenzi wa bonsai wa ukanda huu wamelisahau, nalo ni chombo. Vyungu bora vya Japani hutoka Tokoname, mji wa wafinyanzi tangu zamani, na huchomwa kwa joto kali ili visipasuke maji yanapoganda wakati wa baridi. Kuagiza chungu kimoja kutoka huko ni gharama, na sababu yenyewe ya ugumu wake haiko Tanga wala Kisumu, kwa kuwa hakuna barafu.

Wafinyanzi wapo. Wanawake wa Kikisi kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanafinyanga vyungu vyembamba vyenye nakshi nyeupe na nyekundu ambavyo husafirishwa masoko ya mbali. Chungu cha udongo uliochomwa kwa kuni hupitisha hewa na kukauka upesi, sifa ambayo mama wa nyumbani anaijua kutoka kwenye mtungi wa maji ya baridi, na ambayo mbuyu uliolala unaihitaji kuliko mti wowote. Kinachokosekana ni oda yenye vipimo: kina cha sentimita tano hadi saba, matundu mawili chini yenye upana wa kidole gumba, vitundu vidogo viwili vya kupitishia waya wa kuufunga mti usiyumbe, na vimiguu vitatu ili maji yatoke. Udongo wa kujaza ndani nao unapatikana: matofali yaliyopondwa na kuchekechwa, changarawe ya mto iliyooshwa, na kwa walio karibu na Bonde la Ufa, mawe mepesi ya volkano.

Vyama vya wapenzi wa bonsai vilivyopo, pamoja na watu binafsi wanaolea miti kwenye vibaraza vyao, waweza kupeleka oda hiyo msimu huu. Mfinyanzi afanye vichache vya majaribio, vipandwe mibuyu na migunga ya mwaka mmoja, na vikaguliwe baada ya mvua za masika kuona kipi kimepasuka, kipi kimetuamisha maji na kipi kimefaa. Vile vilivyofaa virudishwe kwa mfinyanzi viwe kielelezo cha kundi la pili.